Mshukiwa ameachiliwa kwa dhamana, na aliyetoweka bado hajapatikana: hapo sheria imesema nini?

Habari huja kwa sentensi moja: mshukiwa katika kesi ya mtu aliyetoweka ameachiliwa kwa dhamana. Kabla jua halijazama, kila mtu ameshaifasiri anavyojua. Kuna anayesikia kwamba kesi imefutwa. Kuna anayesema pesa imetembea. Ndugu wa aliyepotea hubaki wakiulizana: huyu amerudi kwake, wetu atarudi lini? Hasira hiyo ina sababu zake, na baadhi ya sababu hizo hata sheria inazitambua. Lakini sehemu kubwa yake huangukia pasipo penyewe, kwa kuwa dhamana hujibu swali dogo sana kuliko lile ambalo watu wanauliza.

Watu wanauliza: ametenda au hakutenda? Dhamana inauliza: kuanzia leo hadi kesi isikilizwe, mtu huyu akae wapi, na tutajuaje kwamba atarudi? Hakimu anayetoa dhamana hajamsafisha mshukiwa, na anayemnyima hajamtia hatiani. Ushahidi kamili kwa kawaida bado haujafika mbele yake.

Pesa ndiyo sehemu inayosikika zaidi, ila si lazima iwepo. Mahakama inaweza kumwachia mtu kwa kujidhamini mwenyewe kwa maandishi. Inaweza kutaka wadhamini wenye makazi na kazi zinazojulikana, au fedha taslimu, au hati ya mali. Juu ya hapo huja masharti: kusalimisha pasipoti, kuripoti polisi siku zilizopangwa, kutotoka nje ya eneo fulani, kukaa mbali na mashahidi, pengine kuvaa kifaa cha kufuatilia mwendo wake mguuni. Akivunja sharti hukamatwa, na akitoroka mdhamini anaweza kupoteza alichoweka. Fedha iliyowekwa mahakamani si faini. Mshtakiwa akihudhuria hadi mwisho, kwa kawaida hurudishwa, hata kama amepatikana na hatia. Marekani ndiko jambo hili huchafuka, maana huko yapo makampuni yanayomwekea mtu dhamana kwa ada, mara nyingi asilimia 10, na ada hiyo hairudi. Ndiyo maana lile neno kwamba tajiri hutoka na maskini hubaki ndani lina ukweli wake. Jimbo la Illinois liliona hivyo pia, na tangu Septemba 2023 limeacha kabisa kudai fedha kwa ajili ya dhamana: jaji humwachia mshtakiwa kwa masharti au humzuia.

Kisha kuna jambo ambalo habari nyingi hazilisemi: ni dhamana ya nani? Ya polisi au ya mahakama? Tofauti ni kubwa, na katika kesi za watu waliotoweka ndipo watu hupotoshwa zaidi.

Polisi hawawezi kukaa na mtu wanavyotaka. Kenya, Katiba ya 2010 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa saa hizo zikiishia siku ambayo si ya kazi. Uganda ni saa 48. Uingereza, sheria ya polisi na ushahidi ya 1984 inaanzia saa 24. Afisa mwandamizi anaweza kuongeza hadi 36 kwa kosa zito, na mahakama ikaruhusu hadi 96, si zaidi. Sasa fikiria upelelezi wa mtu aliyetoweka. Simu zinachunguzwa, picha za kamera zinakusanywa, bustani inachimbwa, maabara haijajibu. Hayo hayaishi kwa siku nne. Saa zikiisha na ushahidi haujatosha kufungua mashtaka, polisi humwachia mshukiwa kwa dhamana yao wenyewe huku upelelezi ukiendelea. Hapo hakuna hakimu aliyeamua lolote kuhusu kesi. Muda wa kumshikilia umeisha, basi.

Mwaka 2017 Uingereza ilibadilisha sheria ili watu wasikae chini ya dhamana ya polisi miezi na miezi bila kushtakiwa. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake, washukiwa wengi wakawa wanaachiliwa bila dhamana kabisa, yaani bila sharti lolote: hakuna katazo la kumkaribia shahidi, hakuna tarehe ya kurudi kituoni. Malalamiko yakawa makubwa, yakiwemo ya watetezi wa waathiriwa, na sheria ya mwaka 2022 ikarudisha nafasi ya dhamana. Kwa hiyo yule anayesoma kwamba mshukiwa "yuko nje kwa dhamana" na kukasirika angepaswa kukasirika zaidi kama angesoma kwamba yuko nje bila dhamana. Dhamana ni kamba. Asiyefungwa kamba hana wa kumvuta.

Dhamana ya mahakama huja baada ya mtu kushtakiwa, au anapofikishwa mahakamani akisubiri kushtakiwa. Kanuni inayotawala ni kwamba mtu huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, katika kifungu cha 9, unasema kuwaweka ndani wanaosubiri kesi kusiwe ndiyo kawaida. Katiba ya Kenya, kifungu cha 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti ya kadiri, isipokuwa pawepo sababu nzito za kumnyima. Hata anayeshtakiwa kwa mauaji anaweza kuomba. Tanzania iko tofauti: sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inaorodhesha makosa yasiyo na dhamana, yakiwemo mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwa hiyo aliyezoea utaratibu wa Tanzania akisikia kwamba mshtakiwa wa mauaji kule Kenya yuko nje, ni rahisi adhani kuna mchezo umechezwa. Pengine hakuna. Ni sheria mbili tofauti.

Sababu za kunyimwa dhamana hufanana karibu kila mahali: hofu ya kutoroka, hofu ya kutenda kosa jingine, hofu ya kuwatisha mashahidi au kuharibu ushahidi. Kwa kawaida mwendesha mashtaka ndiye hutakiwa kuzionyesha, na kwa kitu cha kushika mkononi. Kusema tu kwamba kosa ni zito hakutoshi, ingawa uzito wa kosa na nguvu ya ushahidi hupimwa.

Kwa nini basi kesi ya aliyetoweka huwasha moto kuliko nyingine? Naona mambo matatu, na la kwanza hupita bila kuonekana. Mwili ukiwa haujapatikana, mara nyingi waendesha mashtaka huanza na kosa wanaloweza kulithibitisha: utekaji, kutumia simu au kadi ya aliyepotea, kuficha ushahidi, kuwadanganya polisi. Umma kichwani mwake tayari una kesi ya mauaji. Hakimu mezani ana hati ya mashtaka ya kosa dogo zaidi, na dhamana hupimwa kwa hati iliyoko mezani. Mashtaka yakibadilishwa baadaye, suala la dhamana hufunguliwa upya.

La pili ni kwamba ushahidi bado uko huko nje. Katika wizi wa benki, polisi huwa na eneo la tukio. Katika kutoweka, huenda eneo la tukio lenyewe halijulikani, na kama kuna ajuaye lilipo ni mtuhumiwa. Anaweza kurudi kuhamisha kitu. Anaweza kumpigia mtu mmoja tu na shahidi akanyamaza. Hapa ghadhabu ya umma na hoja ya kisheria zinakutana, na kwa maoni yangu hii ndiyo hoja ambayo familia na mawakili wao wangeishikilia kuliko kelele za barabarani. Inataka maelezo mahususi: shahidi yupi anatishwa, eneo gani halijapekuliwa, kifaa gani hakijachunguzwa. Mahakama ikiyapata hayo, inaweza kukataa dhamana au kuitoa kwa masharti ya kumzuia mshtakiwa asikaribie maeneo hayo.

La tatu ni gumu kulisema mbele ya familia. Wengi wanaamini kwamba akikaa ndani atasema. Kumshikilia mtu ili azungumze ni jambo ambalo sheria hairuhusu. Ana haki ya kunyamaza akiwa rumande kama aliyonayo akiwa nyumbani, na maneno yaliyotolewa kwa kubanwa huweza kukataliwa na kesi nzima ikaanguka. Mbano wa aina hiyo umeruhusiwa baada ya hukumu tu. Uingereza ina sheria ya mwaka 2020, maarufu kama Sheria ya Helen, inayoitaka bodi ya parole, ile inayoamua kama mfungwa aachiliwe mapema, izingatie kama mfungwa wa mauaji amekataa kusema ulipo mwili. Huyo ni mtu aliyekwisha kupatikana na hatia.

Tahadhari hiyo ina historia. Agosti 1660, katika mji mdogo wa Chipping Campden, Uingereza, mzee William Harrison alitoka kwenda kukusanya kodi za tajiri wake asirudi. Mtumishi wake, John Perry, alihojiwa mpaka akasema kwamba mama yake na ndugu yake ndio waliomuua mzee huyo. Mwili haukuonekana. Mwaka 1661 wote watatu walinyongwa. Mwaka 1662 Harrison akarudi mjini akiwa hai, na hadithi ya kutekwa na kuuzwa utumwani Uturuki. Kwa muda mrefu baada ya hapo majaji wa Kiingereza waliogopa kesi ya mauaji isiyo na mwili. Hofu hiyo haikudumu milele: mwaka 1955 mahakama ya rufaa ilithibitisha hatia ya Michail Onufrejczyk, mkulima wa Wales ambaye mshirika wake alitoweka mwaka 1953, kwa ushahidi wa mazingira peke yake. Kwa hiyo si kweli kwamba bila mwili hakuna kesi. Kesi ipo, ila huchukua muda mrefu kujengwa, na muda huo ndio unaoleta mjadala wa dhamana.

Je, hasira ya watu yenyewe ina uzito mahakamani? Majibu yanatofautiana. Ufaransa, sheria ya mwenendo wa jinai inaruhusu mtu kuwekwa ndani ili kukomesha vurugu ya kipekee na ya kudumu katika utulivu wa umma, lakini inaongeza kwamba kelele za vyombo vya habari peke yake si vurugu hiyo. Afrika Kusini, kifungu cha 60 cha sheria ya mwenendo wa jinai ya 1977 kinataja wazi mshtuko na ghadhabu ya jamii mahali kosa lilipotendeka, na kama ghadhabu hiyo inaweza kuzaa fujo. Ila ni kwa hali za kipekee tu. Kanada imelisumbukia zaidi swali hili. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu yao ilifuta kigezo cha "maslahi ya umma" kwa kuwa kilikuwa hakishikiki. Baadaye kikaja kigezo cha imani ya umma katika utoaji haki, ambacho mahakama ilikikubali mwaka 2002. Umma upi? Mwaka 2015 majaji walijibu: mtu wa kawaida mwenye busara, anayejua misingi ya sheria na mazingira ya kesi, asiyetawaliwa na jazba. Si wakili, wala si yule aliyesimama nje ya mahakama na bango. Napenda jibu hilo, ingawa sina hakika mtu huyo anaishi mtaa gani.

Ghadhabu ina njia nyingine ya kuingia mahakamani, ambayo waandamanaji huenda wasiipende. Kenya na Uingereza zote zinaruhusu mshtakiwa anyimwe dhamana kwa usalama wake mwenyewe. Umati ukitishia kuchoma nyumba yake, anaweza kubaki ndani kama mtu anayelindwa. Na anwani yake ikisambazwa mitandaoni, wakili wake amepewa hoja ya kudai kwamba mteja wake hawezi tena kupata kesi ya haki.

Njia zenye nguvu zaidi kwa familia ni za kimyakimya. Kenya, mwongozo wa dhamana wa mahakama wa mwaka 2015 unataka maoni ya mwathiriwa na familia yake yazingatiwe, na afisa wa probesheni anaweza kuagizwa kuandaa ripoti baada ya kuwahoji. Mwendesha mashtaka naye ana nafasi ya kupinga uamuzi. Uingereza, chini ya sheria ya dhamana ya 1993, kwa makosa mazito anaweza kutangaza rufaa palepale kabla mshtakiwa hajaachiliwa, akaiwasilisha kwa maandishi ndani ya saa mbili, na mshtakiwa akabaki ndani hadi isikilizwe, kwa kawaida katika saa 48. Hata dhamana iliyokwisha kutolewa inaweza kufutwa mshtakiwa akionekana pale alipokatazwa kufika, au akimpigia shahidi. Wa kwanza kuyaona hayo mara nyingi ni jirani au ndugu. Tarehe, saa na mahali zikiandikwa na kupelekwa kwa mpelelezi wa kesi zinaweza kuwa ushahidi wa kumrudisha mtu huyo mbele ya hakimu.