Mkondo si mzunguko

"Mjomba, nimeongeza mzunguko na bado linakufa."

Ujumbe huo ulitoka kwa mpwa wangu aliyeko Maskati, pamoja na picha ya tumbawe la matawi lililoshika utandu wa kijivu upande wa nyuma. Tangi lake la kufugia matumbawe nyumbani ni la lita 400. Muuza duka alimwambia aongeze mzunguko, naye akaitoa pampu ya lita 2,000 kwa saa iliyokuwa kwenye tangi la chini, lenye vichujio, na kuweka ya lita 4,000. Sasa bomba la kushushia maji linakoroma usiku kucha, viputo vimejaa tangini, na tumbawe liko vilevile. Si yeye wa kwanza. Nimewaona wengi wakitumia fedha nyingi kwa sababu ya neno hili moja.

Maana yenyewe ni fupi. Mzunguko ni safari ya maji kutoka tangi la juu, kushuka chini kwenye vichujio na hita, kisha kusukumwa na pampu kurudi juu. Swali lake ni moja: maji yote ya tangi yanafanya safari hiyo mara ngapi kwa saa? Mkondo ni maji yanayolipitia tumbawe lenyewe pale lilipo. Swali lake ni jingine: yanapita kwa kasi gani, na yanatokea upande upi?

Lugha yetu imeyatenganisha maneno haya tangu zamani, ndiyo maana naumia yanapochanganywa. Mzunguko umetoka kwenye kuzunguka, na anayezunguka hurudi alikoanzia. Damu ina mzunguko kwa kuwa hutoka moyoni na kurejea moyoni. Fedha ina mzunguko, mwezi una mzunguko. Mkondo hauahidi kurudi. Mkondo wa upepo huingia dirishani ukatokea mlangoni. Njia inayobaki nyasini baada ya wanyama kupita nayo ni mkondo. Hata shule yenye mikondo miwili ina watoto wanaopanda madarasa sambamba, hakuna anayezungushwa. Wasafiri wa baina ya Unguja na Pemba huuogopa mkondo wa Nungwi, na sijamsikia nahodha akiuita mzunguko wa Nungwi. Neno lipo, lina wenyewe, na linasema hasa tunachokitaka.

Sasa tupige hesabu. Tangi la mpwa wangu lina urefu wa sentimita 160, upana 50 na kina 50. Tuchukulie maji ya pampu yake ya kwanza yanaingia ncha moja na kutokea ncha ya pili. Lita 2,000 kwa saa zikigawanywa kwa upana na kina hicho, maji yanasogea mita 8 kwa saa. Hiyo ni kama milimita 2 kwa sekunde. Pampu mpya, hata ikitoa lita zote zilizoandikwa kwenye boksi (na haitoi, kwa kuwa lazima iyapandishe maji), imefikisha milimita 4 na kidogo. Kwenye mwamba unaopigwa na mawimbi maji hupita kwa makumi ya sentimita kwa sekunde. Kwa hiyo ameongeza maradufu kitu ambacho hakikuwa kimepungua.

Pampu ya propela, ile inayobanwa kwenye kioo kwa sumaku, haiyapeleki maji popote nje ya tangi. Huyachota maji yaleyale na kuyasukuma kwa wingi kupitia mdomo mpana. Lita moja inaweza kulipitia tumbawe mara nyingi kabla haijawahi kukiona kichujio. Kwa kanuni ya mazoea ya wafugaji wa matumbawe, mzunguko wa mara 3 hadi 5 kwa saa unatosha, ilhali kwa matumbawe magumu watu huweka pampu za mkondo zenye jumla ya mara 30 au zaidi ya ujazo wa tangi.

Tumbawe linauhitaji mkondo kwa sababu halina miguu ya kufuata kitu wala mapezi ya kujipepea. Juu ya ngozi yake kuna tabaka jembamba la maji yaliyogandamana nalo, yasiyotaka kuondoka. Mchana, mwani unaoishi ndani ya nyama yake hutengeneza chakula kwa mwanga na kutoa oksijeni, na oksijeni hiyo ikikwama humo, kazi ya mwani huzorota. Usiku mambo hugeuka: tumbawe linapumua na linaitaka oksijeni iingie. Mkondo ndio unaolipunguza unene tabaka hilo, ukaondoa ute na taka, ukaleta chakula. Ndiyo maana umeme ukikatika, betri yako ndogo ifungie pampu ya propela kwanza, ikitikisa uso wa maji. Pampu ya mzunguko itasubiri.

Wala mkondo si lazima uwe wa kusukuma daima upande mmoja. Pale Waikiki Aquarium, Hawaii, Bruce Carlson alitengeneza kifaa chenye jina lake: chombo kilichowekwa juu ya tangi, kinachojazwa taratibu na pampu ndogo. Maji yakifika juu, bomba lililopinda linayavuta na kuyamwaga yote kwa mkupuo, kisha kinaanza kujaa tena. Tumbawe linapata kishindo cha wimbi, halafu utulivu. Nakipenda mno kifaa hicho. Pampu inayolipiga tumbawe karibu na bila kupumzika huweza kulichubua nyama mpaka mfupa mweupe ukaonekana.

Na kuna neno jingine. Wengi sasa wanayaita maji yasiyosogea pembeni mwa tangi "maji mafu". Kwa watu wa pwani maji mafu ni siku za nusu mwezi, bahari inapojaa kidogo na kupwa kidogo, kinyume cha bamvua. Hata siku hizo maji yanakwenda. Ya pembeni mwa tangi yaite maji yaliyotuama.

Basi mpwa wangu, rudisha pampu yako ya lita 2,000, mzunguko wako ulikuwa unatosha tangu mwanzo. Chukua chembe kidogo za chakula, zidondoshe nyuma ya lile jiwe la kushoto, utazame zinapotua. Zikilala palepale, hapo ndipo panapotaka mkondo. Na ukirudi dukani, uliza pampu ya mkondo, kwa jina hilo.