Pesa za Sperrkonto si za kuazima

Matokeo ya KCSE yakitoka tu, maneno ni yale yale: "Ujerumani si ni bure? Mtoto anahitaji nauli tu." Jamani, hapana. Kisichokuwepo ni ada ya masomo, tena katika vyuo vingi vya serikali, si vyote; jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kuishi ni kwa pesa, na viza haitoki kabla hujathibitisha unazo. Njia wanayoitumia wengi ni Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa kwa jina la mwanafunzi: euro 11,904 za mwaka mmoja.

Hapa ndipo wazazi wa Mombasa wananichosha. Huyu anachukua zamu ya chama, yule anakopa kwa mjomba, "za kuonyesha tu, viza ikitoka narudisha." Hazirudi! Sperrkonto ni kufuli. Kijana akishafika na kufungua akaunti ya kawaida kule, anaachiwa euro 992 kila mwezi. Mjomba atasubiri mwaka. Viza ikikataliwa, mnatuma barua ya kukataliwa ndipo pesa zirejee.

Na msitume 11,904 kamili. Benki za njiani hukata chao, zikifika pungufu cheti cha uthibitisho hakitolewi. Ongezeni kama euro 100, na ada ya kampuni ya akaunti iwe kando.

Je, 992 zinatosha? Nasita kusema ndiyo. Kiwango ni kimoja nchi nzima, na München chumba peke yake chaweza kumeza zaidi ya nusu, bado bima ya afya. Ndiyo maana nawasukuma Leipzig, Halle au Chemnitz.

Tangazo la chumba likisema Kaltmiete, hiyo ni kodi kabla ya joto na huduma. Pigeni hesabu kwa Warmmiete, yaani kodi pamoja na joto na huduma, kisha muulize kama umeme umo.

Lakini kabla ya bei, ulizeni Wohnungsgeberbestätigung. Ni karatasi moja ya mwenye nyumba kuthibitisha umehamia kwake: jina lake, anwani, tarehe ya kuhamia, sahihi. Bila hiyo hujiandikishi kuwa mkazi kwenye ofisi ya mji, na sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Mwenyeji akikataa kutia sahihi, usajili unakwama, benki nyingi nazo zinataka cheti cha usajili, na bila akaunti Sperrkonto haiachii kitu. Kijana ana pesa za mwaka mzima, hana ya mkate.