OIC, Zanzibar na ule mzozo wa 1993

Kila OIC, yaani Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, ikitajwa hapa Tanzania mjadala unageuka Waislamu upande huu Wakristo upande ule, na mimi ninayefundisha uhusiano wa kimataifa inaniuma sana, maana swali lenyewe lilikuwa lingine kabisa.

OIC ilianzishwa Rabat, Morocco, 1969 baada ya msikiti wa Al-Aqsa, Jerusalem, kuchomwa moto. Leo ina wanachama 57, makao makuu Jeddah. Ila sio zote ni nchi za Waislamu watupu! Uganda imo tangu 1974 enzi za Amin, Waislamu kule ni wachache na Amin kaondoka zamani lakini hawajatoka, Gabon imo, Msumbiji ikaingia 1994, hadi Guyana ya Amerika Kusini. Wanafuata nini? Kikubwa ni Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, huwezi kuwa mwanachama wake bila kuwa OIC kwanza, na pale ndo kuna mikopo ya barabara, maji, hospitali. Waganda walipata mpaka chuo kikuu pale Mbale, 1988, na hata wasio Waislamu wanasoma humo.

Sasa Zanzibar. Desemba 1992 serikali ya Rais wa Zanzibar, Dk. Salmin Amour, ikajiunga kimyakimya, mwezi uliofuata ikajulikana, bara kukawaka. Hoja ya Zanzibar naielewa, bei ya karafuu ilishaanguka, visiwa vinataka hela, wananchi karibu wote Waislamu, kwanini wasibishe hodi huko? Lakini mambo ya nje ni ya Muungano tangu Hati za Muungano za 1964, kwahiyo kamati ya bunge ikasema katiba imevunjwa na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Mwezi huohuo G55, kundi la wabunge wa bara, wanadai serikali ya Tanganyika, yaani kama wenzetu wanajifanyia yao basi na sisi tuwe na yetu, mpaka Mwalimu Nyerere akaingia mwenyewe kuwapinga. Hapo dini iko wapi? Ugomvi ni nani ana haki ya kutia saini kwa niaba ya nchi.

2008 waziri wa mambo ya nje, Bernard Membe, akaligusa tena, maaskofu wakapinga, likazimwa. Tanzania yote kujiunga kihalali inawezekana, na kama hofu ni OIC kutuvuta kwenye suala la Palestina, huko tulishachagua upande, Nyerere Mkatoliki alivunja uhusiano na Israel 1973 bila OIC yoyote. Ninachotaka ni serikali ituwekee mezani mkataba wa OIC, masharti ya ile benki na mikopo ambayo Uganda na Msumbiji wamepata, tuvisome, alafu ndo tubishane.