Tikiti ya ng'ambo kutoka Nairobi: ununue lini, na unalipia nini

Hakuna siku ya wiki ambayo mashirika ya ndege hushusha bei. Wanaokesha Jumanne usiku wakingoja nauli ianguke wanajinyima usingizi bure, kwa sababu siku hizi nauli hubadilishwa mara kadhaa kila siku. Kufuta historia kwenye simu pia hakurudishi bei ya jana. Ikiwa imepanda tangu asubuhi, mara nyingi ni kwamba viti vya bei ile vimenunuliwa.

Viti vya daraja la kawaida vinafanana, lakini katika mfumo vimegawanywa katika makundi ya bei, kila kundi na herufi yake. Y kwa kawaida ndilo ghali zaidi, kisha zinafuata nyingine kama B na M hadi zile za chini, ambazo kila shirika hujipangia. Kundi moja likiisha, unaonyeshwa lililo juu yake. Hapa familia nyingi hulipa zaidi bila kujua: ukitafuta tikiti za watu wanne na kundi la chini limebaki na viti viwili tu, wote wanne mtatozwa bei ya kundi la juu. Tafuta kwanza kwa mtu mmoja, halafu wawili, uone bei inaruka wapi. Ikiruka, nunua mbili mbili, kisha uliombe shirika liunganishe nafasi hizo kwenye mfumo wake, la sivyo ratiba ikibadilika mnaweza kutawanywa kwenye ndege tofauti.

Nauli nyingi za chini zina sharti la kununuliwa mapema: siku 7, 14 au 21 kabla ya kuondoka. Zikibaki siku 20, nauli ya siku 21 imefungwa, hata kama nusu ya ndege ni tupu. Ndiyo maana kungoja ofa ya dakika za mwisho kwa safari ya ng'ambo ni kucheza kamari, na ni kamari mbaya.

Msimu nao una upande. Katikati ya Desemba ndege za kutoka London au New York huja Nairobi zimejaa watu wa ughaibuni wanaorudi nyumbani. Anayekwenda kinyume chao hupata nafasi kwa urahisi zaidi, ila asipange kusafiri wiki ya kwanza ya Januari, wote wanaporudi kazini. Agosti na Septemba wanafunzi huondoka kwa wingi, na tikiti ya kwenda tu inaweza kukaribia bei ya kwenda na kurudi, wakati mwingine hata kuipita. Linganisha zote mbili. Kwa Umra ya Ramadhani usitumie tarehe za mwaka jana, maana mwezi huo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Kipimo changu ni hiki: msimu wa msongamano, nunua miezi mitatu hadi mitano kabla, nje ya hapo, wiki sita hadi kumi zinatosha.

Kwa Mkenya, lakini, kalenda halisi ni ya viza. Ombi la viza ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisichelewe kupita siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika 45. Anayewasilisha ombi mwezi mmoja kabla atapata viza nauli za siku 21 zikiwa zimekwisha kufungwa, kisha alaumu shirika la ndege. Wasilisha mapema, hakuna hila ya tikiti inayookoa pesa kuliko hiyo. Ubalozi huhitaji kuona nafasi iliyowekwa, si lazima tikiti iliyolipiwa. Ukilazimika kununua kabla ya viza, piga hesabu ya kunyimwa. Tuseme nauli isiyorudishwa ni dola 780, na inayorudishwa kwa faini ya dola 150 ni 900. Viza ikikataliwa, ya kwanza inakula karibu zote, ya pili dola 150. Kama huna uhakika na viza, ile tofauti ya dola 120 usiionee uchungu. Kwa safari za Marekani kuna nafuu nyingine: ukinunua moja kwa moja kwa shirika siku saba au zaidi kabla ya kuondoka, sheria yao inalitaka likuruhusu kughairi bila faini ndani ya saa 24, au likushikilie bei kwa muda huo bila malipo.

Usichanganye nafasi na tikiti. Zile herufi na tarakimu, sita kwa jumla, anazokutumia wakala ni nafasi tu, na muda wa kulipia ukipita hufutwa. Tikiti ina nambari ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar. Ukishalipa, dai nambari hiyo, kisha uithibitishe kwenye tovuti ya shirika lenyewe.

Sasa fungua mchanganuo wa bei. Kuna nauli yenyewe, kuna nyongeza ya shirika inayoandikwa YQ au YR, na kuna kodi na ada za viwanja. Ada ya huduma ya abiria ya Kenya ni dola 50 kwa safari ya kimataifa, na imo ndani ya tikiti. Anayekudai uilipe kando anakuibia. Uingereza hutoza kodi yake unapoondoka kwao, si unapoingia: kwa umbali wa Nairobi, daraja la kawaida, ni pauni 90 tangu Aprili 2025 na 102 kuanzia Aprili 2026. Watoto wa chini ya miaka 16 katika daraja hilo hawatozwi, kwa hiyo kagua kama wakala ameiondoa.

YQ na YR zinakaa kama kodi lakini ni pesa za shirika, zilizoanza kama nyongeza ya mafuta na hazikuondoka mafuta yaliposhuka. Ndiyo sababu tikiti inayochukuliwa kwa pointi za shirika bado huja na malipo makubwa, na punguzo la mtoto huwa dogo kuliko ulivyotarajia: mara nyingi hukatwa kwenye nauli tu. Ukishindwa kusafiri kwa tikiti isiyorudishwa, omba urudishiwe kodi na ada za viwanja ambazo hukutumia. YQ kwa kawaida haitarudi.

Linganisha bei kwa dola, maana nauli nyingi za kutoka hapa zimepangwa kwa dola. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Tikiti ya dola 900 ilishuka kutoka shilingi 144,000 hadi 117,000 bila shirika kugusa nauli. Tovuti ya nje ikikuuliza kama ikubadilishie kuwa shilingi papo hapo, kataa. Kiwango chake huwa kibaya kuliko cha benki yako. Kwa M-Pesa, kumbuka kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Tikiti za familia hukwama hapo huku muda wa kulipia ukiyoyoma, basi gawa malipo kwa kila abiria au tumia benki.

Mizigo: begi la kawaida ni kilo 23, na urefu, upana na kina vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Likipita kilo 32 halipokelewi kama mzigo wa abiria, hata ukiwa tayari kulipa. Nauli za chini kabisa huweza kuja bila begi, na la ziada kwa kawaida ni nafuu ukilinunua mtandaoni kabla ya kufika uwanjani. Ukiunganisha safari kwa tikiti mbili tofauti, huenda ukalazimika kuingia nchi ya katikati kuchukua begi, na hapo unahitaji viza yake. Ukichelewa ndege ya pili, hasara ni yako.

Ukiona hutasafiri, ghairi kabla ndege haijaondoka. Ukikosa tu kutokea, faini huwa kubwa zaidi, na kipande cha kwanza cha safari kisipotumika, vilivyobaki hufutwa pamoja na cha kurudi. Ghairi kwa maandishi, na uhifadhi ujumbe wenye saa uliyoutuma.