Xenakis na sauti ya umati

Metastaseis, kazi ya okestra ya mtunzi Iannis Xenakis, inaanza kwa noti moja. Wapiga nyuzi 46 wanaishika pamoja, kisha kila mmoja anaanza kuteleza kuelekea noti yake mwenyewe, wengine wakipanda, wengine wakishuka. Mtelezo huo wanamuziki huuita glisando. Taratibu ile noti moja inafumuka na kuwa ukuta wa sauti, na sikio halijui tena nani anapiga nini. Mimi ni mpiga ngoma na ala za kugonga, na kazi hii hainipi mengi ya kufanya, lakini mtu akiniuliza aanzie wapi kumsikiliza Xenakis, namwambia aanzie hapo.

Ilipopigwa mara ya kwanza Donaueschingen, Ujerumani, mwaka 1955, mtunzi wake alikuwa mhandisi anayepiga hesabu za zege katika ofisi ya msanifu majengo Le Corbusier, jijini Paris. Alikuwa Mgiriki aliyezaliwa Brăila, Romania. Wakati wa vita alijiunga na wapiganaji wa msituni dhidi ya Wajerumani, na vita vilipokwisha Ugiriki ikageukia mapigano mengine, safari hii Waingereza wakiwa upande wa pili. Mwanzoni mwa 1945 kombora la kifaru cha Kiingereza lilimpasua uso na kumng'oa jicho la kushoto. Mwaka 1947 alitoroka nchi, na nyuma yake akahukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani. Hakukanyaga tena Ugiriki hadi 1974, utawala wa kijeshi ulipoanguka.

Nasimulia haya kwa sababu wanafunzi wangu wakiona karatasi zake za muziki huuliza kama huu ni muziki au ni hesabu. Jibu langu ni kwamba hesabu ilimjia kwa sababu kulikuwa na sauti aliyotaka kuiandika na hakuna njia nyingine iliyofaa. Mwenyewe aliieleza: maandamano ya watu wengi barabarani Athens, wito ukianzia mbele na kusafiri kama wimbi hadi nyuma, mapigo ya sauti yakiwa ya pamoja. Kisha waandamanaji wanakutana na adui. Milio ya rashasha inaingia, wito unavunjika vipande vipande, na baadaye ukimya wa kifo unashuka mitaani. Aliutaja umati huo pamoja na mvua ya mawe inayogonga juu ya kitu kigumu, na nyenje wakilia shambani kiangazi. Katika yote matatu husikii sauti moja moja. Unasikia wingi wake.

Sasa, wingi huo unauandikaje? Watunzi wengi wa kisasa wa Ulaya wakati huo walipanga noti zote 12 kwa safu zenye masharti makali. Mwaka 1955 Xenakis alichapisha makala iliyowakera wengi. Alisema mistari ikizidi kusukana, msikilizaji hafuati mstari wowote. Anachopata ni msongamano tu. Basi afadhali mtunzi aushike msongamano wenyewe: uzito wake, kasi yake, namna unavyosambaa. Na elimu inayoshughulikia mambo ya namna hiyo ipo, ndiyo nadharia ya uwezekano.

Kazi iliyofuata, Pithoprakta, ilipigwa Munich mwaka 1957. Fikiria gesi ndani ya chupa. Huwezi kuifuata kila molekuli, lakini unaweza kupima joto la gesi nzima, na kanuni inakuambia mwendo wa kasi utatokea mara ngapi na wa polepole mara ngapi. Xenakis alichukua kanuni hiyo na kumpa kila mpiga nyuzi mitelezo na midonoo (kudonoa nyuzi kwa kidole) yake, kila kasi ikiwa kasi ya molekuli moja. Mwanzoni wanagonga mbao za ala zao kwa vidole. Ni mvua ya mawe hasa!

Olivier Messiaen, mtunzi na mwalimu Mfaransa, ndiye aliyemfungulia njia. Xenakis alimwendea akiwa na karibu miaka 30, akiuliza kama arudi nyuma kujifunza hamonia, yaani upangaji wa noti zinazolia pamoja, kama kijana. Messiaen akamwambia hapana: wewe ni Mgiriki, unajua hesabu, unajua usanifu, tumia hivyo. Mimi ni mwalimu, na sidhani nimewahi kumpa mtu ushauri mzuri kama huo.

Xenakis alifanya mengi mengine. Kulikuwa na banda la kampuni ya Philips kwenye maonyesho ya Brussels ya 1958, ambalo kuta zake zilizopindika zilitokana na michoro ya mitelezo ya Metastaseis. Kuna mashine ya UPIC ya miaka ya 1970, iliyogeuza mchoro wa kalamu kuwa sauti. Lakini mimi navutwa na ngoma: Persephassa ya 1969, wapigaji sita wakiwazunguka wasikilizaji, Okho ya 1989, djembe tatu, na zaidi ya zote Psappha ya 1975, ya mpigaji mmoja.

Psappha haina noti za kawaida. Ni miraba na nukta. Mtunzi hataji ala. Anataja makundi tu, ngozi, mbao na metali, juu hadi chini, nawe unachagua. Kuna mahali nukta zinakuwa nyingi kuliko mikono miwili inavyoweza, na kila mpigaji hulazimika kubuni ufundi wake.

Kisha zinatoweka. Pigo moja kubwa, halafu miraba mitupu, halafu pigo jingine. Miaka ya mwanzo niliharakisha hapo, nikiogopa wasikilizaji watadhani nimepotea. Siku hizi nahesabu kila mraba mtupu kwa mwendo uleule, nikiwa nimeinua vijiti, hadi pigo linalofuata.