Kihoro katika hadithi fupi za kutisha

Kiswahili kina neno linalozifaa hadithi fupi za kutisha za siku hizi kuliko "woga": kihoro. Ni majonzi ya aliyepoteza, yamechanganyika na fadhaa hata huwezi kuyatenganisha. Ndiyo maana husemwa mtu kafa kwa kihoro.

Kushtuka ni jambo dogo. Mlango ukibamizwa usiku utaruka, kisha utalala. Hadithi ya kihoro hukutisha kwa kitu unachokipenda.

Huu hapa mfano niliotunga kwa ajili ya Mikindani, kwetu Mtwara. Mvuvi katoka na ngalawa wakati wa kusi, hakurudi. Hitma imeshasomwa, mkewe yumo edani. Kila jioni bado anapakua sahani ya pili, ugali wa muhogo na changu wa kukaanga, anaifunika kwa kawa. Asubuhi moja anafunua: sahani tupu, miiba imepangwa ukingoni kama marehemu alivyozoea kuipanga, na mkeka umelowa maji ya chumvi. Anaiosha sahani. Jioni anapakua tena, na safari hii anaongeza kipande cha samaki.

Mkeka uliolowa unatisha kiasi. Kile kipande cha pili ndicho kinachonisisimua mwili. Mke anajua aliyekuja huenda si mumewe, nasi tunajua, na bado tunatamani aje tena.

Mbinu yenyewe ina umri. Mwaka 1902 Mwingereza W. W. Jacobs alichapisha hadithi ambamo mama anahangaika kufungua komeo ili mwanawe aliyezikwa aingie, huku baba akihangaika asiingie. Wote wawili wanampenda. Na visa vyetu vya misukule navyo viko hivyo: mwondoe mama anayeapa kwamba kamwona mwanawe akilima shamba la mtu, kisa chote kinapoa.

Waandishi wengi chipukizi huanza na jini, machozi wakayatia baadaye kama chumvi iliyosahauliwa. Naona ni kosa. Anza na mtu na tabia yake moja ndogo, maana hadithi fupi haina nafasi ya kusimulia ndoa nzima. Ile miiba iliyopangwa inatosha kuibeba.

Tena usieleze kupita kiasi. Katika mfano wangu sikumtaja aliyekula. Mke mwenyewe hakuuliza.