Mtakwimu aonwe kabla ya safari ya msituni

Wanafunzi wengi wa uzamili na uzamivu wa misitu, wanyamapori na mazingira humfuata mtakwimu data zikiwa zimeshakusanywa na tarehe ya kukabidhi tasnifu imekaribia. Wakati huo msaada uliobaki ni mdogo. Hesabu iliyokosewa hurudiwa kwa dakika kumi, lakini ploti (vipande vya msitu vinavyopimwa) zilizopangwa vibaya hazina dawa, kwa sababu fedha za gari na posho za wasaidizi zimekwisha.

Chukua utafiti wa aina inayofanyika sana Tanzania: je, usimamizi shirikishi wa misitu, unaotambuliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, umeongeza miti katika miombo? Mtafiti anachagua msitu mmoja wa hifadhi wa kijiji na mwingine usio na usimamizi huo, anapima ploti 40 kila upande, kisha analinganisha wastani. Kompyuta inamwambia tofauti ni kubwa. Tatizo ni kwamba kilichowekwa chini ya usimamizi ni msitu mzima, si ploti moja moja. Kwa swali lake, sampuli alizonazo ni mbili tu, wala si 80. Tofauti anayoiona huenda imeletwa na udongo, mvua, au ukaribu wa barabara inayotumiwa na wachoma mkaa, na hana njia ya kutenganisha hayo.

Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert alilipa kosa hili jina linaloweza kutafsiriwa kama urudio bandia. Katika tafiti 176 za majaribio ya ikolojia alizozipitia, alilikuta kwenye asilimia 27. Kati ya zile zilizofanya vipimo vya takwimu, ni asilimia 48. Bado ndilo kosa linaloharibu tasnifu nyingi kuliko uchaguzi mbaya wa kanuni za hesabu.

Dawa yake ni misitu mingi na ploti chache katika kila msitu. Misitu 6 kila upande, kila mmoja na ploti 7, inatoa ploti 84, yaani karibu idadi ile ile ya mwanzo, ila sasa swali linajibika. Wakati wa kuchanganua kwa programu ya R, jina la msitu liingizwe kwenye modeli kama athari nasibu (yaani kundi ambalo ploti zake zinafanana), ili ploti za msitu mmoja zisihesabiwe kana kwamba hazina uhusiano.

Kama lengo ni kukadiria tu wastani wa msitu mmoja, idadi ya ploti hutafutwa hivi. Pima ploti 10 hadi 15 za majaribio. Gawanya mchepuko wastani (kipimo cha jinsi ploti zinavyotofautiana) kwa wastani, uzidishe kwa 100. Tuseme umepata asilimia 60, kiasi ambacho si cha ajabu kwa msitu wenye mabonde na mapengo. Zidisha kwa 2 (kwa uhakika wa takriban asilimia 95), gawanya kwa kosa unaloweza kulivumilia, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Ukivumilia kosa la asilimia 10, unahitaji ploti 144. Ukivumilia asilimia 20, ni 36. Kupunguza kosa kwa nusu kunagharimu ploti mara nne, na jambo hilo lijadiliwe na msimamizi kabla bajeti haijaandikwa.

Ploti za duara ndani ya duara zina mtego wake. Katika mpangilio wa tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, miti yenye kipenyo cha sentimita 5 na zaidi hupimwa ndani ya mita 5 kutoka katikati, ya sentimita 10 na zaidi ndani ya mita 10, na ya sentimita 20 na zaidi ndani ya mita 15. Ukigawanya hekta kwa eneo la kila duara, mti wa sentimita 25 unawakilisha miti 14.1 kwa hekta, wa sentimita 12 unawakilisha 31.8, na wa sentimita 7 unawakilisha 127.3. Anayetumia 14.1 kwa miti yote anapunguza idadi ya miti midogo mara tisa, kisha anaandika kwamba msitu hauchipui! Kwenye miteremko kama ya Uluguru, umbali ni wa mlalo: mteremko wa nyuzi 30 hudai mita 17.3 ardhini badala ya 15. Ukipima mita 15 kwa kufuata mteremko, ploti inapungua kwa asilimia 13.

Makosa ya fomu ni mepesi kuyazuia. Andika juu ya safu kama ni kipenyo au mzingo, maana mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha 29.9 tu. Mti wenye panda chini ya mita 1.3, kimo ambapo kipenyo hupimwa, uhesabiwe kila shina peke yake, chini ya namba moja ya mti. Ploti isiyo na mti iandikwe 0. Nafasi tupu iachwe kwa ploti ambayo haikufikiwa. Kwa R, "mninga" na "mninga " yenye nafasi mwishoni ni spishi mbili.

Ukija kwa ushauri, leta swali la utafiti katika sentensi moja, ramani ya eneo, data za majaribio na bajeti. Ukija baada ya kukusanya, leta faili la awali ambalo halijafutwa data yoyote wala kupangwa upya, pamoja na fomu za karatasi, maana mara nyingi ndimo namba ya ajabu inapopatiwa maelezo.